Kupuliza Uji

Mwezi wa saba, Uyole, pumzi yako unaiona.
Inakutangulia mlangoni kama mbwa wa jirani.
Ndiyo asubuhi tuliyoichagua, wajinga sisi,
kumpeleka Atuganile kwenye maji.

Miaka miwili na miezi mitatu.
Kilo kumi na moja pamoja na kofia ya sufu
aliyofumiwa na bibi yake wa Rungwe,
na ambayo hakuivua mpaka ukingoni.

Bwawa ni dogo, nyuma ya nyumba ya wageni.
Maji yake hupashwa kwa kuni za mikaratusi,
yananukia moshi, yananukia dawa,
na juu ya ukuta Loleza anachungulia
amejifunga ukungu kiunoni.

Mwalimu, Bi Tumwisege, hakutukaribisha.
Aliuliza, "Nani kati yenu anaogopa?"
Nikacheka.
Mke wangu akaninyooshea kidole.

Mimi ni mtu wa Makete. Kwetu
maji ni ya kunywa, na ya kunawa uso
huku umefumba macho na kukaza meno.
Mto ni kitu cha kuvuka upesi,
suruali umekunja, chini hutazami.
"Maji ukiyavulia nguo…" akaanza mke wangu,
hakumalizia. Na mimi
nilikuwa nimeshavua.

Nikamshika mtoto
kama trei ya mayai kwenye gari la mashimoni.
"Legeza vidole, Baba Atu," akasema mwalimu.
"Huyu hayasomi maji.
Anaisoma mikono yako."

Jumamosi ya kwanza, miguu tu.
Ya pili, kikombe chekundu cha plastiki:
kimoja begani, kimoja shingoni,
cha utosini alikiomba mwenyewe.
Ya tatu alilia tangu getini.
Bi Tumwisege akatazama maji, akatutazama,
akasema, "Leo bwawa limefungwa,"
na bwawa liko wazi, linafuka mvuke mbele yetu.
Tukakaa ngazini watu wanne ndani ya kitenge kimoja,
tukala parachichi kwa kijiko cha zamu.
Hakuna aliyemsukuma mtu.
Nililipa ada kamili, na sikunung'unika
ila kidogo, njiani.

Jioni ile, uji wa ulezi.
Bakuli la bati, moshi unapanda.
Atu akainama, akakusanya midomo,
fuuu,
uji ukafanya bonde, ukafanya povu,
fuuu tena, bila kufundishwa na mtu,
kidevu kikigusa ukingo wa bakuli.
Nikaweka kijiko changu chini.
Kumbe.

Jumamosi ya nne nikamnong'oneza,
"Atu, uji huu. Wa moto. Puliza."
Akalitazama bwawa zima, bakuli kubwa vile,
akashusha kidevu,
fuuu,
na mapovu yakamrudia puani yakicheka.
Akacheka nayo. Akameza. Akakohoa.
Kisha akanigeukia kwa macho yale
ambayo nilikuwa nimeonywa juu yake,
macho yanayouliza: baba, huu ni msiba?

Magoti yangu yalikuwa yameshajibu ndiyo.
Uso, sijui ulitoka wapi, ukatabasamu.
Nikapiga makofi ndani ya maji,
tukalowana sote hadi kope.
Akafikiri. Akajilamba.
"Halina sukari," akasema.

Sasa ni mwezi wa tisa, jakaranda imeanza,
ua moja moja linaanguka bwawani
naye analifukuza kwa pumzi.
Leo amelala chali, masikio yamezama,
kisogo kwenye kiganja changu,
halafu kwenye vidole vitatu,
halafu kimoja,
halafu mkono wangu upo chini yake, karibu,
lakini haugusi kitu.

Moja. Anatazama wingu.
Mbili. Tumbo lake linapanda, linashuka.
Tatu, na mwalimu, bila kugeuka,
anasema taratibu kama mtu anayepoza chai:

"Na wewe, baba.
Puliza."